Shibe Imenihamia Kifuani

Kuna watu wakiniona nimepungua wananipongeza, eti sasa nimepumzika na gharama za kula. Waje wakae na mimi mkekani siku moja, ndipo wanipongeze.

Wengi mmesikia habari za puto la kupunguza unene, lile la hospitali ya Mloganzila, Dar. Langu si puto. Puto linawekwa ndani ya tumbo, muda wake ukifika linatolewa. Mimi nilikwenda India, nikatobolewa vitundu, nikafungwa pete ya silikoni kulizunguka tumbo sehemu ya juu kabisa. Juu ya pete kumebaki kijumba kidogo cha kupokea chakula. Chini yake ndiko liliko tumbo langu la zamani, kubwa, halina kazi, linasubiri mgao. Kwenye pete umeunganishwa mrija hadi kwenye kidude kilichoshonewa chini ya ngozi. Mkanda ukilegea, daktari anadunga sindano kwenye kidude, anaongeza maji ya chumvi, pete inakaza. Ukibana mno anayanyonya.

Fundi pikipiki wetu hapa Kibirizi, Kigoma, alielewa haraka kuliko ndugu zangu wote. "Kumbe mzee una valvu!" Akataka kuiona. Tangu hapo kila anayekuja dukani kwangu kununua nyavu anataka kwanza aiguse valvu, halafu nyavu zenyewe anakopa.

Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, kasoma kwenye simu kwamba Marekani waliuruhusu mkanda huu mwaka 2001, na kwamba siku hizi madaktari wengi wameuacha, wanapendelea kulikata tumbo lenyewe. Kwa hiyo mpaka tumboni navaa mtumba.

Sasa tuje kwenye kula. Daktari aliniambia tonge liwe dogo, nilitafune mpaka liwe uji, ndipo nimeze. Daktari wa watu, ugali wa muhogo ataujulia wapi? Ugali wa muhogo hautafunwi. Tangu Ujiji iwe Ujiji, mtu anafinyanga tonge, analitia shimo kwa kidole gumba, anachota mchuzi wa mawese, anaweka mdomoni, linateremka lenyewe. Ukijifanya kuutafuna unagawana na meno, huku na huku, unabaki kuusaka kwa ulimi. Wanangu wakiniona natafuna ugali wanainuka mmoja mmoja, wanakwenda kuchekea uani.

Na maji marufuku. Hunywi wakati wa kula, na ukishamaliza unasubiri nusu saa, maana maji yanakisukuma chakula kipite upesi, unabaki na njaa yako. Haya, mwezi wa tisa, jua la Kigoma hili, dagaa wametiwa pilipili mbuzi, na jagi la maji ya baridi limewekwa mbele yako linatoa jasho. Nusu saa! Nimewahi kuomba magazeti ya zamani nisome matangazo ya minada ili muda uende.

Zamani shibe yangu ilikuwa na heshima zake. Ilikuja taratibu, ikatua kitovuni, nikalegeza mkanda wa suruali, nikabeua, nikasema alhamdulillahi. Siku hizi inakuja kifuani bila hodi. Pua ndiyo inayoanza: kamasi chururu, na sina mafua. Halafu kwikwi moja. Hapo natakiwa niache, hata kama tonge liko hewani. Nikiliongeza hilo moja tu, linakwama pale juu ya pete. Kifua kinabana, mate yanajaa mdomoni, mengi, mazito, yenye povu, na chini hayapiti. Yatarudi. Kazi yangu ni kutafuta pa kuyarudishia.

Kwenye hitima moja kule Ujiji tuliketi wanaume watano sinia moja la pilau. Sheria ya sinia mnaijua: kila mtu na upande wake, lakini mipaka inalindwa na kasi. Natia tonge la kwanza, natafuna. Mzee wa kulia kwangu kashafika mpakani. Natafuna. Kile kipande cha nyama kilichokuwa mbele yangu kimehama, sikuona kimeondokaje. Natafuna. Nakuja kumeza, nanyoosha mkono, nakuta yale maua mekundu yaliyochorwa katikati ya sinia yananitazama. Yule mzee akaniona, akanihurumia, akanipa nyama yake. Ya mbuzi. Mbuzi aliyeishi akashiba miaka. Utamkatalia mzee nyama ya hitima? Nikaila. Kufumba na kufumbua niko nyuma ya nyumba nimeshika ukuta, povu linatoka, watoto wa madrasa wamenizunguka. Na kwetu huku mtu akitokwa povu kwenye shughuli, hospitali si ya kwanza kutajwa. Kabla ya magharibi shangazi yangu wa Kasulu keshanipigia simu, ana jina la mganga na nauli yake.

Kwa mama mkwe, Mwandiga, ndiko kubaya zaidi. Kachinja jogoo, kampika kwa mawese, katandika mkeka. Nakula vijiko vinne, kwikwi hiyo. Ananiuliza kwa upole, "Baba, leo nimekukosea nini?" Nimemweleza habari za mkanda, akaitikia vizuri kabisa, halafu nikamsikia jikoni anamwambia mwanawe, "Muulize vizuri, labda anakula kwingine."

Na huu mwili unaopungua nao una mambo yake. Vijana wa bandarini walikuwa wananiita Liemba, kwa meli yetu ile iliyoundwa na Wajerumani mwaka 1913. Nilikuwa nalipenda hilo jina. Liemba ilizamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, ikaendelea kubeba watu na migebuka. Leo wananiita Mtumbwi. Jina ningelimeza (majina hayakwami), lakini kuna yule ninayedaiwa naye hela za mashine ya boti. Miaka yote alikuwa hana haraka. Alipoona mashavu yameanguka na shati linanipwaya, akaja dukani alfajiri na shahidi. Eti hana wasiwasi, anataka tu tuandikishane "kwa sababu binadamu hatujui ya kesho." Fundi cherehani naye kanitoza bei ya suruali mpya kupunguza kiuno cha suruali kuukuu.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba mkanda wenyewe hauna akili. Chapati unakataa, wali unagombana nao, nyama ndiyo usiseme. Uji wa sukari? Karibu, pita. Chai ya maziwa, pita. Kwa hiyo nikajiwekea utaratibu wangu wa vikombe, mpaka shemeji akaniharibia. Yeye ndiye aliyenisindikiza India kwa sababu ya Kiingereza chake, na katika maneno yote ya daktari, aliloona linafaa kumfikishia dada yake ni kwamba vinywaji vitamu vitanirudisha nilikotoka. Sukari sasa inafungiwa kabatini. Yeye mwenyewe anakula masazo yangu, mchana na usiku, anasema chakula kutupa ni dhambi. Kanenepa. Kilo ninazopoteza hazitoki nje ya nyumba.

Kukaza mkanda ni mpaka Dar, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Aliyepanga stesheni za reli hii hakuwa na huruma na mtu kama mimi. Nguruka samaki wa Malagarasi wanaletwa mpaka dirishani. Saranda kuku wananyanyuliwa juu kwa fito, wanakugusa pua. Abiria mwenzangu kala kuku mzima, kanikabidhi mifupa niitupe kwa kuwa mimi niko dirishani. Tabora nikanunua asali. Asali haitafunwi.

Sasa kumeingia hili la harusi ya binti wa jirani. Kadi ya mchango imekuja, mtu mmoja elfu hamsini. Nikaenda kwa mhasibu wa kamati, kijana mstaarabu, nikamweleza kwamba mimi nakula vijiko vinne, soda siwezi kwa sababu ya gesi, maji sinywi mezani. Nikampigia hesabu, nikafika elfu kumi na mbili, na hapo nimemwekea na kiti.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mzee wangu, mchango hauangalii tumbo."

Nimelipa elfu hamsini. Nimeuliza nimepangwa meza gani, wakaniambia nimekaa na shemeji, kaomba mwenyewe.