Picha za Kale za Kaa: Naamini Mstari, Siamini Rangi

Wauzaji wa picha za kale za kaa huanza na rangi. "Hii imepakwa kwa mkono," wanasema, na bei inapanda hapo hapo. Mimi nazipenda mno picha hizo, ila katika mambo ya kuaminiwa ndani yake, rangi naiweka mkiani.

Fikiria zilivyotengenezwa kwa ajili ya vitabu vya zamani. Mchongaji alichimba mistari kwenye bamba la shaba, bamba likapakwa wino na kufutwa mpaka wino ukabaki kwenye mifereji tu, kisha karatasi yenye unyevu ikagandamizwa juu yake. Kilichotoka hapo kilikuwa cheusi na cheupe. Rangi za maji zilifuata baadaye, nakala moja moja, mara nyingi kwa mikono ya vibarua walioiga nakala ya mfano bila kumjua kaa mwenyewe. Ndiyo maana nakala mbili za kitabu kimoja huweza kutofautiana.

Na aliyetoa mfano? Johann Friedrich Wilhelm Herbst, aliyetoa kitabu chake kikubwa cha kaa na jamaa zao kati ya 1782 na 1804, alikuwa mchungaji wa kanisa Berlin, mji usio na bahari. Kaa wa Bahari ya Hindi hawakumfikia wakitembea. Walifika wakiwa wamekufa, na kaa aliyekaushwa au kulowekwa kwenye pombe hupoteza rangi zake. Hata moto huibadili rangi hiyo; mpishi yeyote wa pwani amewaona kaa wakigeuka wekundu sufuriani: wekundu ulikuwemo tangu awali, umeshikwa na protini, na moto ndio unaouachia.

Umbo lakini halipotei. Herbst ndiye aliyempa jina la kisayansi, mwaka 1783, yule kaa mwogeleaji mwenye madoa matatu mekundu mgongoni, ambaye hata wavuvi wetu humpata: Portunus sanguinolentus. Mtaalamu akitaka kumhakikisha atahesabu miiba ya ukingo wa gamba, tisa kila upande, ule wa mwisho mrefu kuliko yote. Kazi hiyo ni ya mstari, na brashi haiwezi kuisaidia.

Anayebisha amtazame Louis Renard, mchapishaji wa Amsterdam. Kitabu chake cha samaki na kaa cha 1719, kilichotokana na michoro ya Ambon, kisiwa cha Indonesia ya leo, kina rangi za kupendeza kuliko vyote nilivyoviona, na humo humo kuna nguva wa hadithi, nusu mtu nusu samaki, aliyedaiwa kuishi ndani ya pipa siku nne na saa saba! Kuna pia kamba apandaye miti na kutaga mayai makubwa kama ya njiwa. (Kupanda miti nisingekucheka sana, waliofika kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, wamemwona kaa wa nazi, naye hupanda miti. Mayai hayo, hapana.)

Kinachonikera ni biashara ya leo. Kitabu kilichodumu zaidi ya miaka mia mbili kinachanwa ili kila ukurasa uuzwe peke yake ndani ya fremu, na kurasa zilizotoka bila rangi hupakwa upya kwa sababu nyeusi na nyeupe haiendi sokoni. Mpakaji wa leo anaufuta ushahidi pekee uliobaki safi. Ukiniachia nichague, nipe ule ukurasa usiopakwa, tena kwa bei ya chini.