Fundi anayedai kadi kabla ya kugusa imobilaiza si mchoyo

Ombi hujirudia mtandaoni: "Nimepoteza ufunguo, nielekezeni namna ya kuruka imobilaiza", yaani mfumo unaozuia gari kuwaka bila ufunguo wenye chipu iliyosajiliwa. Fundi umeme wa Dodoma akijibu "leta gari na kadi yake", anaambiwa ana roho mbaya, anatafuta hela.

Wanaolalamika wana hoja. Magari mengi ya mtumba kutoka Japani hufika na ufunguo mmoja tu, na ukipotea ukiwa Kondoa au Manyoni, kulivuta gari hadi mjini ni gharama. Kadi nayo huenda iko benki kwa sababu ya mkopo, au bado ina jina la aliyeuza. Hilo lina dawa: nakala ya kadi pamoja na mkataba wa mauziano au barua ya mkopeshaji, mradi namba ya chesisi ilingane na iliyogongwa kwenye bodi.

Sasa tazama kinachoombwa. Koili iliyozunguka swichi husoma chipu ya ufunguo. Isipotambulika, starta inaweza kuzungusha injini lakini mafuta au moto wa plagi unakatwa. Aliyepoteza ufunguo anahitaji chipu mpya isajiliwe na ya zamani ifutwe. Kuruka imobilaiza ni kuondoa ulinzi huo wote. Tangu hapo ufunguo wa kuchonga usio na chipu unawasha gari, leo na mwakani, hata kwa atakayelinunua bila kujua. Na ule uliopotea? Aliyeuokota bado anafungua mlango na kuondoka. Yaani hata muombaji mkweli, ukimpa alichoomba, umemuumiza.

Mara nyingine ni betri ya rimoti tu imeisha. Kwa Toyota ya kuwasha kwa kitufe, kanyaga breki, gusisha upande wa nembo wa rimoti kwenye kitufe, subiri mlio, bonyeza. Hilo mwelekeze yeyote, maana bila rimoti yenyewe halimfai kitu.

Asiyetaja modeli wala mwaka, hataki gari lionekane, kisha anauliza kuzima king'ora na kifaa cha kufuatilia gari, mwache. Kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu humhesabu anayesaidia kosa kuwa mtenda kosa.

Mwenye ufunguo mmoja asajili wa pili sasa. Kukiwa na mmoja unaofanya kazi, kuongeza mwingine ni kazi nyepesi. Bila hata mmoja, kuna magari ambayo lazima kontroli boksi (kompyuta ya gari) ifunguliwe, na umeme ukishuka katikati ya kuandika data, boksi inaweza kufa.