Madoido ya Picha Tengeneza Nyumbani, Ngozi Iache

Madoido mengi yanayopendwa mitandaoni siku hizi, kama kutia ukungu nyuma ya mtu au kuchanganya picha mbili ziwe moja, yanatengenezeka sebuleni kwako kwa simu ya kawaida na programu ya bure. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu vijana wengi wameaminishwa kwamba pasipo filta ya kulipia hakuna picha nzuri. Na filta nyingi za kulainisha sura, kabla hujachagua chochote, zimeshaing'arisha ngozi. Hapo ndipo ninapogombana nazo.

Chukua hilo la picha mbili ndani ya moja. Pwani yetu inalijua tangu zamani. Kule Lamu, mpiga picha Omar Said Bakor alikuwa akikata picha za watu na kuziunganisha na vitu vingine, ikatoka picha ambayo hakuna jicho lililowahi kuiona mtaani. Wakati huo Photoshop, programu ya kompyuta ya kuhariri picha iliyoingia sokoni mwaka 1990, ilikuwa bado haijazaliwa. Ubunifu ule naupenda kwa moyo wote, na natamani tuuendeleze.

Leo fanya hivi. Msimamishe mtu ubavu, yeye akiwa kivulini na nyuma yake pana ukuta mweupe unaopigwa na jua. Kwenye skrini gusa ukuta, usiguse uso, ili simu ipime mwanga wa ukuta. Mtu atatoka mweusi tititi, umbo tupu. Kisha piga picha ya pili ya makuti ya mnazi, au ya kanga iliyotandazwa kitandani. Fungua ile ya kwanza ndani ya Snapseed, programu ya bure ya kuhariri picha kwenye simu, ongeza ya pili kwa kifaa chake cha kuunganisha picha mbili, halafu chagua namna inayoipa nafasi sehemu yenye mwanga zaidi. Kila nukta itachukua rangi ya picha iliyong'aa kuliko mwenzake, kwa hiyo ukuta utabaki mweupe na makuti yatalijaza umbo la mtu. Ukishaelewa kwa nini inakuwa hivyo, huhitaji tena kumsubiri mtu akuuzie filta.

Ukungu wa nyuma una tatizo jingine. Simu nyingi hukisia tu kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma, ndiyo maana ncha za ushungi, hereni na nywele zilizosukwa huonekana kama zimekatwa kwa mkasi butu. Isaidie. Mtoe mtu ukutani, asogee mbele mita tatu au zaidi, nawe umkaribie. Kama simu ina lenzi ya kuvuta, itumie.

Sasa ngozi. Kwa miongo mingi maabara za kusafisha picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak, kampuni ya filamu za kamera, zilizoitwa "Shirley", zenye picha ya mwanamke mzungu. Yeye akitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa iko sawa. Sisi tulitoka macho na meno. Ilichukua hadi miaka ya 1990 ndipo Kodak ikatoa kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali, na mwaka 2021 Google ikaitoa simu ya Pixel 6 ikiwa na Real Tone, teknolojia iliyolenga kuonyesha ngozi za rangi zote kama zilivyo. Watu wamelalamika na kupigania muda wote huo ili kamera ituone, halafu sisi wenyewe tunabonyeza kitufe kimoja na kuufuta uso uliopatikana kwa taabu hivyo. Inaniuma sana.

Badala ya filta, mkalishe mtu ubavuni mwa dirisha, taa ya dari izimwe. Jua likiwa kali, tundika shuka jeupe dirishani. Upande wa pili wa uso simamisha karatasi ya manila nyeupe irudishe mwanga. Ngozi nyeusi huchorwa na mng'ao wake: shavuni, juu ya pua, kidevuni. Filta ya kulainisha hufuta mng'ao huohuo kwanza, uso ukabaki bapa. Picha ikitoka na giza, inua vivuli kidogo, rangi usiiguse. Chunusi ifute ukipenda, maana wiki ijayo haitakuwapo. Kovu na mikunjo ya macho ni vya mwenyewe.

Picha nyeusi na nyeupe yenye rangi moja tu mimi siipendi sana, ila ni rahisi: ondoa rangi yote, kisha kwa brashi irudishe pale unapotaka, kwenye kanga au ua. Na anayetaka rangi ya dhahabu atoke nje kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni, tena awahi. Kwetu karibu na ikweta jua huzama wima, na mwanga ule haukai.

Ndugu zangu mnaopiga picha za harusi, msimng'arishe bibi harusi kimyakimya. Nimeziona albamu ambamo binti amekuwa na rangi ambayo hakuna mtu wa kwao anayo, hata mama aliyesimama kando yake. Muulizeni kwanza. Akiomba mwenyewe kung'arishwa, mwonyesheni kabla ya yote picha moja iliyopigwa dirishani, rangi haijaguswa, na mmpe muda aitazame.