Mkataji wa msimu na kuhuisha cheti cha chenso

Katika mashamba ya miti ya Mufindi, Kilolo na Njombe, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ni wachache sasa wanaobisha kwamba mwendesha chenso, yaani msumeno wa mnyororo wa injini, anahitaji mafunzo. Ubishi umehamia kwenye kuhuisha cheti. Mtu ameshafunzwa, amepimwa, amekabidhiwa karatasi yake, kwa nini arudi kupimwa tena baada ya miaka kadhaa? Jibu linalotolewa haraka vijiweni Mafinga na Makambako ni kwamba hiyo ni njia nyingine ya kumtoza kibarua ada. Naelewa linakotoka, na nitalirudia. Ila linapita juu ya jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalowaumiza wakataji wetu.

Tuanze na Uingereza, ambako suala hili limefikiriwa kwa muda mrefu. Mamlaka yao ya afya na usalama kazini imependekeza kwamba anayetumia chenso kila siku apate mafunzo ya kujikumbusha kila baada ya miaka 5. Anayeitumia mara mojamoja arudi mapema zaidi, kila baada ya miaka 2 hadi 3. Wengi wetu tungedhani kinyume: anayeshinda msituni kila siku ndiye mwenye hatari nyingi, basi ndiye afuatiliwe kwa karibu. Ni kweli anakutana na hatari nyingi zaidi. Lakini mkono wake haulali. Kila siku anapima mwinamo wa mti, anasikiliza mnyororo unavyokata, anajua tupa ya kunolea imefanya kazi au bado. Mwenye kuacha miezi mitano kisha akarudi ana kumbukumbu ya kazi na ujasiri wake wote, ilhali ule uangalifu mdogomdogo umekwisha kuchuja.

Sasa tutazame nyanda zetu. Mvua zikianza Novemba au Desemba, barabara za kuingia mashambani huko Kilolo na Mufindi huwa matope na magari ya mbao hukwama. Wakataji wengi hushika jembe: mahindi, viazi, maharage. Hurudi kwenye chenso mvua zikikatika, mwezi wa tano au wa sita, wakati tajiri ana haraka na malipo yanahesabiwa kwa idadi ya miti iliyolala. Kwa kipimo kile cha Waingereza, wengi wa watu tunaowaita wazoefu ni watumiaji wa vipindi. Wana miaka mingi kwenye kazi, lakini kila mwaka unakatika katikati. Hapo ndipo ninaposema kwamba hoja ya uzoefu, ambayo hutolewa ili kukataa kuhuisha, hapa kwetu inaunga mkono kuhuisha.

Kinachopotea mapema si namna ya kuwasha mashine. Hupotea vipimo. Mti unaangushwa salama kwa sababu ya bawaba, yaani ule ukanda wa mbao usiokatwa unaobaki kati ya mkato wa mwelekeo, ule wa upande mti utakakoangukia, na mkato wa nyuma. Kanuni ya kawaida ni kuacha unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya kipenyo, hivyo mpaini wa sentimita 30 huachiwa kama sentimita 3. Mwenye haraka huzila zote, na mti ukishakosa bawaba huenda unakotaka wenyewe. Mlingoti, yaani mkaratusi, ulioinama una hatari yake nyingine: ukikatwa kutoka nyuma bila utaratibu unaweza kupasuka wima kabla haujaanguka, na kipande kikarudi kwa nguvu kwa aliyesimama nyuma yake. Kuna pia ncha ya chenso. Sehemu yake ya juu ikigusa gogo, mashine hurushwa juu na nyuma kumwelekea mwendeshaji kwa kasi ambayo hakuna mkono unaoiwahi. Halafu kuna umbali. Asiyehusika na ukataji anatakiwa akae angalau urefu wa miti miwili kutoka mti unapokatwa, lakini msaidizi mwenye kidumu cha petroli na kabari mara nyingi yuko hatua chache tu.

Upande wa pili una mambo mazito. Mkataji aliyefundishwa na mjomba wake, aliyeishia darasa la saba, akiitwa kwenye mtihani wa kuandika atashindwa na mtu ambaye hajawahi kuangusha mti. Nauli na siku alizokosa kibarua zinaweza kuzidi ada yenyewe. Tena karatasi inayodaiwa na kila mtu huanza kuuzwa, na cheti cha kununua ni hatari kuliko kutokuwa nacho, kwa kuwa kinamwondolea tajiri wajibu wa kuangalia. Anayesema hivyo hana uvivu wala ukaidi. Hata Waingereza waliosimamia jambo hili kwa ukali waliacha mlango kwa wakulima na vibarua wao waliotumia chenso kabla ya tarehe 5 Desemba 1998, wanapofanya kazi za kawaida za shambani.

Lakini hoja hizo zinapinga mtihani mbaya. Hazigusi hitaji la kurudi kupimwa. Umahiri wa chenso hupimwa msituni, na sehemu kubwa ya majibu iko kwenye visiki. Mtathmini anayeijua kazi akipita visiki ishirini anaweza kumsoma aliyekata. Kisiki laini chote maana yake bawaba ilikatwa. Nyuzi nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili zinaonyesha mikato haikulingana, labda kwa makusudi ya kuugeuza mti, labda kwa bahati mbaya, na hapo mkataji aulizwe ajieleze kwa mdomo. Kisiki kirefu kinamgusa hata tajiri, kwa kuwa kipande cha chini ndicho kinene na chenye mbao nyingi. Akitazamwa pia anavyonoa mnyororo na kuangusha mti mmoja au miwili, inatosha. Hakuna kalamu.

Wala si lazima kila mtu apimwe kwa kiwango kimoja. Cheti cha Ulaya kina ngazi nne: ya kwanza ni utunzaji wa mashine na ukataji wa magogo yaliyolala, ya mwisho ni miti iliyoangushwa na upepo. Miti mingi ya wakulima wadogo wa Njombe na Kilolo huvunwa ingali michanga na myembamba, na anayeikata hahitaji kujua yote anayotakiwa kujua mkataji wa mipaini mikubwa ya Sao Hill, shamba la miti la serikali. Ngazi mbili za chini, zikipimwa shambani kwa gharama ndogo, zingewafikia wengi.

Linabaki swali la nani alipe, na hapa ndipo pagumu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri mzigo wa mafunzo na usalama. Kwenye kampuni kubwa mwajiri anajulikana, hasa zenye cheti cha FSC, baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu, ambacho kinataka kanuni za Shirika la Kazi Duniani kuhusu usalama msituni zifuatwe. Kwa mkulima anayeuza miti ikiwa imesimama, mnunuzi huja na watu wake, watu huja na chenso ya kukodi, na mtu akiumia kila mmoja humwonyesha mwenzake. Mimi namwona mnunuzi kuwa ndiye mwajiri, kwa sababu ndiye anayepanga kasi na bei ya kazi. Kabla ya kuvuna na kusafirisha mbao kuna vibali na malipo ya kushughulikia. Jina la mkataji na tarehe aliyopimwa mara ya mwisho vingeweza kuandikwa humo, na gharama ikabaki kwa mnunuzi. Upimaji ufanyike Mei, kabla msimu haujashika kasi, kwenye kijiji chenye miti iliyo tayari kuvunwa, ili mkataji asipoteze siku na mwenye shamba apate miti yake ikiwa imelala.