Serengeti Boys Wapimwe kwa Wanaofika Taifa Stars

Mwezi Mei 2017, nchini Gabon, Serengeti Boys, timu ya taifa ya Tanzania ya vijana wa chini ya miaka 17, waliingia katika mechi yao ya mwisho ya kundi dhidi ya Niger wakihitaji sare tu ili wafuzu nusu fainali ya AFCON ya umri huo, yaani mashindano ya Afrika, na, kwa hatua hiyo hiyo, Kombe la Dunia la vijana hao lililochezwa India. Walikuwa wametoka sare tasa na Mali, waliokuja kutwaa ubingwa, na kuifunga Angola mabao 2-1. Wakafungwa 1-0. Walilingana na Niger kwa pointi nne, lakini Niger wakasonga mbele.

Wengi wanaikumbuka timu ile ya kocha Bakari Shime kwa bao hilo moja. Mimi naikumbuka kwa Dickson Job na Kibwana Shomari, mabeki waliotoka pale wakapanda hadi klabu ya Yanga na Taifa Stars, timu ya taifa ya wakubwa, na naamini hilo ndilo tunda ambalo timu ya vijana inapaswa kudaiwa.

Miaka miwili baadaye mashindano yalikuja Dar es Salaam, nasi tukawa wenyeji. Siku ya ufunguzi tuliongoza 4-2 dhidi ya Nigeria, kisha tukalala 5-4. Bao la tano lilipoingia, mzee aliyekuwa mbele yangu jukwaani alikaa chini taratibu, bendera ikiwa bado begani. Tukafungwa pia na Uganda 3-0 na Angola 4-2, tukamaliza bila pointi hata moja, na lawama zikawaangukia watoto. Hata hivyo, katika kikosi hicho hicho alikuwamo Kelvin John, ambaye baadaye alisajiliwa na Genk ya Ubelgiji.

Kiu ya matokeo ya haraka ndiyo inayozaa vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri, na sisi tunaijua gharama yake. Tulifuzu fainali za 2005 zilizofanyika Gambia, tukaondolewa kwa kuchezesha mchezaji aliyezidi umri, na Zimbabwe wakaenda badala yetu. Kanuni hiyo hiyo ya umri ndiyo iliyotupeleka Gabon: tulikuwa tumetolewa na Congo Brazzaville kwa bao la ugenini, baada ya kushinda 3-2 nyumbani na kufungwa 1-0 kwao, kabla ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, kuwaondoa kwa kushindwa kumpeleka mchezaji wao kupimwa umri.

Kwa hiyo, vijana wetu wanapofungwa, swali langu la kwanza kwa viongozi wa soka ni kama kila kijana ana umri ulioandikwa kwenye pasipoti yake. La pili ni wanacheza ligi gani timu inapovunjwa na kila mmoja kurudi kwao, kwa sababu kijana wa miaka 17 anayekaa miezi bila mechi ya ushindani hatafika alikofika Job.