Kabla hujaomba hela ya jezi, tafuta watu wa kukaa mezani

Kila mtu anayetaka kuanza ukocha wa basketi anakuja na maswali yale yale, nifundishe zoni (kila mchezaji analinda eneo lake) au mtu kwa mtu, skrini (kumzuia mkabaji ili mwenzako apate nafasi) niziingize lini, nichore mchezo gani kwenye ubao. Sikatai, hayo yana wakati wake. Ila mi naona kocha mpya anakwama sehemu nyingine kabisa, anakwama kwa sababu yuko peke yake. Yeye ndo anafungua uwanja, yeye ndo anajaza mipira upepo, yeye ndo anapiga simu kutafuta refa, afu mechi ikianza pembeni wamekaa watu wachache wanachezea simu. Msimu ukiisha kachoka na timu inakufa kimya kimya.

Na kuanzia chini hivyo usidhani ni kwa makocha wadogo tu, hata majina makubwa ya Marekani yalianza hivyo. Kocha Pat Summitt alipopewa timu ya wanawake ya chuo kikuu cha Tennessee mwaka 1974 alikuwa na miaka 22, yaani binti karibu sawa na wachezaji wake, na alikuwa anafua jezi na kuendesha gari la timu mwenyewe. Alistaafu na ushindi 1,098 na makombe 8 ya ubingwa wa vyuo. Gregg Popovich, aliyekuja kuwa kocha wa San Antonio Spurs kwenye NBA, ligi kubwa ya Marekani, naye alianzia kachuo kadogo, Pomona-Pitzer, 1979, msimu wa kwanza alishinda mechi 2 akapoteza 22, jamani mbili! Erik Spoelstra ndo kabisa, 1995 aliingia Miami Heat, timu nyingine ya NBA, kwenye chumba cha video, kazi kukata mikanda ya mechi, ukocha mkuu akaja kuupata 2008. Kwa hiyo ukipewa timu ya watoto ambayo hamna mtu anaitaka, ichukue. Wape mpira namba 5, ule mdogo wa watoto, ringi ishushwe mpaka mita 2.60 badala ya ile 3.05 ya wakubwa, wafurahie kufunga kwanza, zoni itakuja huko mbele.

Sasa turudi kwenye lile la kocha kuwa peke yake, yaani sapoti. Makocha wengi wanaanza na mchango. Timu haijacheza hata mechi ya kirafiki tayari kuna grupu la WhatsApp na meseji ya "wazazi naombeni tuchangie jezi", halafu wanashangaa watu wanasoma hawajibu. Mtu hatoi hela kwa kitu ambacho hana sehemu ndani yake. Mi nasema omba kazi kwanza, na basketi bahati nzuri ina kazi nyingi kuliko michezo mingi. Angalia meza peke yake, kwa utaratibu wa FIBA, shirikisho la basketi la dunia, inataka mwandishi wa skoshiti (karatasi ya pointi na faulo), msaidizi wake, mtu wa saa ya mechi na mtu wa saa ya sekunde 24, ile inayohesabu muda wa timu kupiga shuti. Hao ni watu wanne washapata kazi na bado hujagusa maji, mipira wala picha.

Chukua mzazi mmoja ambaye haujui mchezo kabisa, mkalishe siku ya mazoezi mkiwa mnagawana timu mbili, mwonyeshe faulo inaandikwaje, kwamba mchezaji akifika 5 anatoka, na timu ikishafikisha 4 kwenye kota (robo ya mechi), faulo yake inayofuata ikiwa inakaba inawapa wapinzani shuti mbili za bure. Mwenye saa ya sekunde 24 mwambie timu iliyoshambulia ikiokota ribaundi, yaani mpira uliokosa kuingia, baada ya kugonga ringi saa inarudi 14, sio 24. Atakosea, mazoezini ni sawa. Baada ya muda utamkuta anabishana na mwenzake kama ile faulo ilikuwa ya namba 8 au namba 9, na hapo ujue umepata shabiki ambaye hata mkifungwa kwa pointi thelathini wiki ijayo atarudi, sababu asipokuja meza ina pengo.

Afu kuna faida nyingine ambayo haisemwi sana. Kila timu ina yule mzazi anayepiga kelele, pasi! shuti! refa huoni! mpaka mtoto anakuangalia wewe, anamwangalia baba, mpira unaibiwa. Ukigombana naye unampoteza yeye na mtoto. Mpe saa ya sekunde 24. Aliyeshika ile saa hana nafasi ya kupiga kelele, na pale mezani hatakiwi kushangilia upande wowote, hiyo ni adabu ya meza. Wengine wanakuja kugundua wenyewe kwamba urefa sio kazi rahisi kama walivyofikiri.

Kuna watakaosema timu ikishinda mashabiki watakuja wenyewe. Watakuja ndio, na mkianza kupoteza wataondoka wenyewe pia, na timu changa inapoteza sana, haina ujanja. Labda uwe na kikosi cha ajabu.

Hela ukishafika wakati wa kuomba, omba kitu kimoja chenye bei inayojulikana, mfano mipira miwili, sio "mchango wa maendeleo ya timu". Ikinunuliwa tu piga picha ya risiti weka kwenye grupu siku hiyo hiyo, na mwenye kushika hela asiwe kocha. Tena yule mwandishi wa skoshiti anafaa sana, ameshazoea kuandika kila kitu.