Kama hamuwezi kuitunza bendera, ishusheni tu

Kuna kitu kinaniuma kila nikikiona: bendera ya taifa imechanika, imepauka mpaka nyekundu imekuwa pinki, na bado iko juu ya mlingoti mbele ya ofisi, watu wanapita chini yake asubuhi na jioni wala hakuna anayeinua macho. Tukisikia mtu kaidharau bendera wengi tunawaza aliyeichoma kwenye maandamano, lakini mimi naona dharau iliyozoeleka zaidi ni hii ya kuipandisha siku moja kwa shangwe halafu kuisahau hukohuko juu.

Iangalie bendera inavyochakaa. Haianzi upande wa kamba, inaanza ule upande wa mwisho unaochapwa na upepo kutwa nzima, pindo linaachia kwenye kona, zinatoka nyuzi mbili tatu, baadae mchaniko unaanza kutembea kuelekea katikati. Ukiiwahi mapema fundi anapunguza kipande kidogo na kushona pindo upya na inapepea vizuri tu, ila ukingoja mchaniko ufike katikati hapo hamna tena cha kuokoa. Ndo maana mi naunga mkono kabisa kuishusha kila jioni, maana anayeishusha anaishika mkononi, anaiona, anajua hali yake. Sheria ya bendera ya Marekani inataka ipepee kuanzia jua kuchomoza mpaka kuzama, na ikibaki usiku basi imulikwe taa, tena inasema ipandishwe kwa haraka ila ishushwe taratibu kwa heshima. Huo utaratibu mi naupenda sana.

Halafu kuna nusu mlingoti, hapa ndo wengi wanakosea. Mtu anavuta kamba, bendera ikifika katikati anafunga, kamaliza. Hapana jamani. Nchi nyingi utaratibu ni kwamba inapanda kwanza mpaka juu kabisa, inatulia kidogo, ndo inateremshwa polepole mpaka pale nusu, na wakati wa kuiondoa inarudi tena juu kabisa kabla ya kushuka chini. Na sio kila bendera inawekwa nusu mlingoti, ya Saudia haishushwi hivyo hata kwenye msiba kwa sababu imebeba shahada, yani lile tamko la imani ya Kiislamu.

Kuigeuza juu chini nako watu wanachukulia poa, yani wanaona ni rangi tu. Bendera ya Poland ni nyeupe juu nyekundu chini, igeuze uone, tayari umepandisha ya Indonesia. Ufilipino ndo kabisa, bluu ikiwa juu ni amani na nyekundu ikiwa juu maana yake nchi iko vitani, sasa mwaka 2010 kwenye mkutano New York ikawekwa nyekundu juu na Marekani ikabidi iombe radhi. Miaka miwili baadae kwenye Olimpiki ya London, mechi ya mpira wa wanawake iliyochezwa Glasgow, skrini ikaonyesha bendera ya Korea Kusini kwa wachezaji wa Korea Kaskazini, wakatoka uwanjani na mechi ikachelewa kama saa nzima. Mimi siwalaumu hata kidogo wale wadada. Kuhakiki bendera kabla ya shughuli ni kazi ya dakika chache.

Bendera za nchi mbili zikiwekwa pamoja ziwe saizi moja na urefu mmoja, hiyo haina mjadala. Ukutani kwa wima ndo panahitaji akili kidogo, usiizungushe tu ukadhani umemaliza, ya Marekani kwa mfano lile eneo la nyota lazima liwe juu kushoto kwa anayeitazama, kwahiyo lazima uigeuze na upande wa pili. Kabla hujapiga msumari tafuta sheria ya nchi husika uisome.

Na ile iliyochakaa isitupwe jalalani wala kugeuzwa tambara la kufutia gari, naomba sana. Sheria hiyohiyo ya Marekani inasema iharibiwe kwa heshima, ikiwezekana kwa kuchomwa moto. Anayetunza mlingoti awe na bendera ya akiba kabatini, na siku anayoishusha ile kuukuu mpya iwe tayari mkononi.